Kutembeza wageni Mji wa Kale wa Lamu: muda wa saa tatu, vituo saba

Anayeanza kazi ya kutembeza wageni Lamu huharibu kwa kutaka kuonyesha kila kitu. Misikiti ni zaidi ya ishirini, milango ya nakshi haihesabiki, na kila kichochoro kina kisa chake. Mgeni aliyepitishwa mbele ya vitu arubaini kwa saa mbili atakachokumbuka jioni ni punda na jua. Vituo saba vinatosha. Kazi iliyobaki ni kukijua kila kituo kwa undani, na kujua la kusema mnapotoka kimoja kwenda kingine, maana historia ya Lamu sehemu kubwa imo ukutani, kwenye nyumba ambazo watu bado wanalala, wanapika na kufiwa humo.

Njia inayoelezwa hapa huanza jetini saa 2:00 asubuhi na kuishia Msikiti wa Riyadha kabla ya saa 5:15. Urefu wake hauzidi kilomita tatu. Muda mwingi huenda kwenye kusimama, kusikiliza na kupisha punda.

Kabla ya siku yenyewe

Kwanza leseni. Kuongoza watalii nchini Kenya kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Ivae shingoni au iwe mfukoni, na usione vibaya ukiulizwa. Mgeni naye ana haki ya kuiona kabla hajakubali.

Idadi: wageni wanane, wasizidi. Sababu ni upana wa njia. Vichochoro vingi vya Mkomani, mtaa wa kale wa kaskazini, ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Watu wanane wakijipanga upande mmoja wanachukua mita sita hivi, na punda mwenye mzigo wa mchanga bado anapita. Wakiwa kumi na watano, njia imefungwa: mwenye punda anangoja, nyuma yake mama mwenye kikapu, nyuma yake mtoto anayekwenda madrasa, na wote wanakutazama wewe. Kundi likizidi wanane, ligawe, au tafuta mwenzio awe mshika mkia, na muache dakika kumi na tano kati ya kundi na kundi.

Siku moja kabla, ipite njia yote peke yako, saa ileile mtakayopita. Unaangalia mambo manne: kuna ukuta unaojengwa na mawe yamemwagwa njiani? Kuna nyumba yenye msiba au harusi? Mifereji imefurika? Je, vituo vya makumbusho viko wazi? Penye msiba badilisha njia, hata kama ndipo ulipo mlango mzuri kuliko yote mjini.

Makumbusho hufunguliwa saa 2:30 asubuhi na kufungwa saa 11:30 jioni. Ndiyo maana ziara inaanza pwani na si ndani ya jengo: ile nusu saa ya kwanza ndiyo ya kuwafundisha wageni dira ya mji. Viingilio hupangwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na hutofautiana kati ya mwananchi, mkazi, mgeni wa nje na mtoto. Uliza kiwango cha siku hiyo na njia ya kulipia, weka bando kwenye simu, na mtajie mgeni viingilio mbali na ujira wako. Ugomvi mwingi wa mwisho wa ziara hutokana na neno "kila kitu" lililosemwa asubuhi bila kufafanuliwa.

Siku ya Ijumaa maliza saa 5:00 kamili, kwa sababu kuanzia hapo watu wanaelekea msikitini na njia si za kusimama. Mwezi wa Ramadhani kundi lako halinywi maji wala kula njiani. Wape nafasi ndani ya ngome, na kituo cha kahawa kiondoe. Mwishoni mwa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi, mji hujaa wageni kutoka pwani nzima na hata visiwani; njia ya Langoni, mtaa wa kusini, siku hizo ipunguze au iache kabisa, isipokuwa kama wageni wenyewe wamekuja kwa ajili ya Maulidi. Kati ya Aprili na Juni mvua za masika zinaweza kukata ziara katikati. Jua mapema ni wikio lipi, chumba kinachovuka juu ya njia, mtajikinga chini yake.

Mavazi waambie jana yake kwa ujumbe, usingoje wafike jetini wakiwa na kaptura fupi. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake sawa. Beba leso tatu kwenye mkoba kwa watakaosahau. Hakuna siku utakayozirudisha zote bila kutumika. Malapa ya mpira huteleza penye maji ya mfereji, bora viatu vyenye kamba ya kisigino. Maji lita moja kwa kila mtu. Spika ya kubeba iache nyumbani: sauti ya mtu inatosha vichochoroni, na ikipazwa inaingia dirishani kwa watu.

Kituo cha kwanza: jetini

Wasimamishe wakitazama bahari, kisha wageuke. Mbele yao walipokuwa wakitazama ni mashariki, ng'ambo ni kisiwa cha Manda, kwenye uwanja wa ndege. Sasa mji uko usoni mwao. Mkono wa kulia ni kaskazini, Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe ya kale. Mkono wa kushoto ni kusini, Langoni, uliokua baadaye kwa nyumba za udongo na makuti, na ambao leo una mawe na matofali pia. Nyuma ya safu ya kwanza ya majengo, sambamba na pwani, inapita njia kuu iitwayo Usita wa Mui. Kwa Kiamu, lahaja ya hapa, usita ni njia na mui ni mji. Kwenye ramani utaikuta kwa jina la Harambee. Waambie pia kwamba ardhi wanayoikanyaga ilikuwa bahari: pwani ilisogezwa mbele kwa kujazwa, na zamani maji yalikaribia ule Usita wa Mui.

Hapo wape dira ya vitu vitatu, nao wataitumia asubuhi nzima. Mifereji ya vichochoro huteremka kuelekea baharini, kwa hiyo aliyepotea afuate maji yanakokwenda. Usita wa Mui ukiupata, umeshapata kaskazini na kusini. Na misikiti: kutoka Lamu, Makka iko karibu kaskazini kabisa, imeinama magharibi kwa nyuzi chache tu. Mihrabu, ile sehemu anaposimama imamu akielekea Makka, kwa hiyo hutokeza nje kwenye ukuta wa kaskazini, kama kibiongo. Misikiti mingi ya Lamu haina minara, inafanana na nyumba. Kibiongo hicho na viatu mlangoni ndivyo vitambulisho vyake. Kuanzia hapa mwachie mgeni autambue msikiti unaofuata mwenyewe. Watoto hupenda mchezo huu kuliko tarehe zote utakazowatajia.

Tarehe za kutaja hapa ni mbili tu. Mji umekaliwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kituo cha pili: barabara ya pwani

Elekeeni kaskazini taratibu. Hapa ndipo pa kueleza biashara, kwa sababu vielelezo viko majini: majahazi, mashua, na marundo ya boriti za mikoko yanapokuwepo. Eleza pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni na India. Kusi, kuanzia Aprili, ndiyo iliyovirudisha. Mfanyabiashara aliyechelewa kupakia boriti zake alikaa Lamu miezi hadi upepo wa mwaka uliofuata. Ndoa, lugha na mapishi ya mji huu mengi yametokana na kungoja huko. Ukitaka ushahidi wa maandishi, upo wa mwaka 1441: mwandishi wa Kiarabu Abu al-Mahasin aliandika juu ya kadhi wa Lamu aliyekutwa Makka.

Barabara hii ina pikipiki na mikokoteni. Kundi litembee upande wa majengo, na msimame penye kivuli cha baraza za ghorofani. Dakika kumi na tano zatosha. Jengo la Makumbusho ya Lamu mtalipita. Waonyeshe, ila msiingie. Lina vitu vingi, na mgeni akiingia kwanza humo atakuwa amechoka kabla hajaona mji. Afadhali arudi mwenyewe alasiri, siwa, zile pembe kubwa za sherehe, azitazame kwa nafasi yake.

Kituo cha tatu: Nyumba ya Mswahili

Hiki ndicho kituo cha kukaa muda mrefu, dakika thelathini hadi arubaini. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa kuwa makumbusho, imo ndani ya Mkomani, na ni mahali ambapo unaweza kueleza nyumba kwa uhuru bila kumsumbua mwenye nyumba.

Anzia nje, kwenye daka, kile kibaraza cha mbele ya mlango. Waketi barazani kwanza, wasiingie. Baraza ya daka ni mahali pa mwanamume kupokea mtu asiyekuwa na haja ya kuingia ndani. Kisha mlango, kisha tekani, chumba kidogo cha kuingilia, na hapo waonyeshe namna njia inavyopinda: aliyesimama njiani, hata mlango ukiwa wazi, haoni uani. Hili lisemwe kwa kuonyesha. Mtume mgeni mmoja arudi nje, wengine waende kiwandani, yaani uani, halafu aulizwe anaona nini. Haoni kitu.

Kiwanda ni ua wa wazi unaoleta mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kwenda ndani, sambamba: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kila unavyosogea, sakafu hupanda kidogo na mwanga hupungua. Wambie wahesabu ngazi. Anayeelewa mpando huu ameelewa nyumba yote: kadiri chumba kilivyo juu na giza, ndivyo kilivyo cha watu wa karibu zaidi. Mwishoni ni ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, penye zidaka, vile visanduku vya chokaa vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu. Humo zilipangwa sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina na nchi nyingine, na nakshi zenyewe hukamata mwanga hafifu unaotoka uani.

Mgeni atauliza mbona vyumba ni vyembamba hivi, mfano wa ushoroba. Usijibu haraka. Mwambie apime kwa hatua: upana ni mita mbili na nusu hadi tatu hivi, urefu ni mara kadhaa ya hapo. Kisha aangalie juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na juu yake kuna mawe na chokaa, uzito mkubwa. Boriti ndefu kuliko mita tatu hupinda chini ya uzito huo. Basi mti wa mkoko ndio uliokata upana wa chumba, na fundi aliyetaka nafasi zaidi hakuwa na pa kwenda ila kukirefusha chumba. Kuta nazo ni nene, karibu nusu mita, za mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe mengi yalichimbwa kisiwani Manda, ambako mpaka leo kijiji cha Maweni ni cha wachonga mawe. Matumbawe laini ya baharini yalitumika penye nakshi, kwa kuwa huchongeka yakiwa mabichi na kuwa magumu yakikauka.

Chooni waonyeshe birika. Samaki wadogo waliofugwa humo walikula viluwiluwi vya mbu. Jiko lilikuwa juu, chini ya makuti, moshi na joto viende zao.

Usitoke nyumba hii bila kusema nani aliibeba. Maji yalitekwa, mawe yakabebwa na mashamba ya bara yakalimwa na watumwa, na katika majumba ya ghorofa sehemu ya chini ilikuwa ya stoo na ya watumwa, juu ikawa ya wenye nyumba. Masoko ya watumwa yalifungwa kwa mkataba wa 1873. Utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907. Yaseme kwa sauti ileile uliyotumia kusifu zidaka, bila kuyapunguza wala kuyapigia ngoma. Wapo waongozaji wanaoruka sehemu hii kwa kuona haya, na wapo wanaoitia chumvi ili wageni washtuke. Wote wawili wanamdanganya mgeni.

Kituo cha nne: vichochoro vya Mkomani

Mnaposhuka kurudi Usita wa Mui, tafuta wikio moja, chumba kinachovuka juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Wengi hudhani ni daraja la mapambo. Wikio huongeza nafasi ya nyumba palipokosekana ardhi, na kwa familia zilizooana huwapa wanawake njia ya kutembeleana bila kutoka nje. Kivuli chake ndicho mahali pa baridi kuliko pote njiani. Ila msisimame katikati, egemeeni ukuta mmoja.

Mlango mmoja wa nakshi ueleze vizuri, mingine ipite. Onyesha kizingiti cha juu, miimo ya pembeni na mfaa, ule mti wa kati unaofunika kiungo cha mbao mbili. Chini na juu angalia egemeo: milango ya kale haina bawaba za chuma, huzunguka juu ya vijiti vyake vyenyewe vilivyoingia kwenye tundu. Hapo ndipo mgeni anapojifunza kutofautisha mzee na kijana, maana Lamu bado ina mafundi na milango mingi mizuri ni ya juzi, wala hilo si aibu. Mlango wa mbambakofi uliochongwa mwaka jana na fundi wa hapa ni mlango wa Lamu halisi. Mtaje Muhamadi Kijumwa, aliyekuwa mchongaji, mwandishi wa hati na malenga, ambaye jina lake limebaki kwenye mtindo mmojawapo wa nakshi za milango.

Hadithi moja iache: kwamba mnyororo uliochongwa pembeni unaonyesha mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Ni nakshi ya ukingo inayoonekana pwani nzima. Misumari ya shaba iliyochongoka, ambayo wageni huulizia kwa sababu wameiona Unguja, asili yake ni India na ilipendwa zaidi huko Unguja kuliko hapa.

Mkipita kwenye ukuta unaobambuka, simama. Kuna jambo la ufundi hapa ambalo wageni, hasa Waswahili wenzetu wanaojenga, hulifurahia. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na lipu ya chokaa huuacha utoke. Ukipigwa saruji juu, unyevu hunaswa ndani, chumvi huganda nyuma ya lipu, lipu inajitenga na kuanguka na vipande vya jiwe. Mwenye nyumba huona saruji ndiyo imara, akaongeza nyingine. Ndivyo kuta zilizosimama miaka mia mbili zinavyoharibika kwa miaka kumi.

Sasa adabu. Wewe ndiye unayesalimu kwanza, kila baraza yenye watu: "Salaam aleikum, wazee." Ungoja jibu. Ukimfahamu mtu kwa jina la heshima, sharifu, ustadhi, mwalimu, litumie. Kundi linalopita kimya mbele ya wazee wakicheza bao huwa limewageuza wazee kuwa sehemu ya maonyesho. Picha za watu ni kwa idhini, na wanawake waliovaa buibui wasipigwe kwa kuvizia, hata kwa mbali. Mwambie mgeni hili jetini. Ukimwambia kamera ikiwa imeshainuliwa unamwaibisha yeye na mama wa watu.

Punda akija, neno ni moja: ukutani. Wote upande mmoja, mikoba kifuani. Kosa la kawaida ni kundi kugawanyika pande mbili. Punda mwenye matenga anahitaji upana wa matenga, na kona ya tenga ndiyo inayompiga mtu, punda mwenyewe hana neno. Asipapaswe kwa nyuma. Mgeni akihuzunika juu ya punda mwenye kidonda, mwambie pwani kuna zahanati ya punda inayowatibu bila malipo.

Kituo cha tano: Mkunguni na ngome

Usita wa Mui unawafikisha uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome. Hapo ndipo kitovu cha mji, na ndipo Mkomani na Langoni zinapokutana.

Ngome ilianza kujengwa karibu na mwaka 1813 na kukamilika 1821. Haikujengwa na Wareno. Hili litakurudia kila wiki, kwa sababu mgeni ametoka kuona Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, akachanganya. Ya Lamu ilijengwa kwa msaada wa Waomani baada ya vita vya Shela, ambamo watu wa Lamu waliwashinda Wamazrui, watawala wa Mombasa, na washirika wao wa kisiwa jirani cha Pate. Husimuliwa kwamba waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Baada ya ushindi Lamu iliogopa kisasi, ikaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman, na ngome ikawa alama ya himaya hiyo. Enzi hizo ushindani ulikuwa wa mashairi pia: Bwana Zahidi Mngumi upande wa Lamu, Muyaka bin Haji upande wa Mombasa. Kama una beti unazozijua kwa moyo, hapa ndipo pake, juu ya baraza ya ngome. Kama huzijui, usizibabaishe.

Kutoka 1910 hadi 1984 jengo hili lilikuwa gereza. Wakazi wa umri mkubwa wanaikumbuka hivyo, na ndiyo sababu wengine hawana hamu ya kuingia. Pandeni juu. Kutoka huko dira ya asubuhi inaonekana yote: bahari, Manda, mabati na makuti, njia zinazoteremka. Waulize wao wakuonyeshe kaskazini iko wapi. Ngazi zina kingo zilizolika. Panda wa mwisho, shuka wa kwanza.

Kituo cha sita: Pwani, soko, kahawa

Msikiti wa Pwani uko karibu na ngome, nao ndio wenye maandishi ya mwaka 1370, ya kale kuliko ya msikiti mwingine wowote mjini. Kwa nje hauna cha kumvuta mtu, kwa hiyo mgeni atapita bila kuuona usipomwambia. Wasio Waislamu hawaingii misikitini. Usimwombee mtu idhini ya pekee ili upate bahashishi. Msikiti wa Ijumaa wa Mkomani, wa mwaka 1511, utaje tu hapa ili wapate kulinganisha.

Sokoni pitieni haraka, watu wananunua. Kisha kahawa. Kahawa chungu kwa vikombe vidogo, na kipande cha halua au mahamri, dakika kumi na tano za kukaa. Ziara isiyo na mahali pa kuketi huanza kuvunjika saa mbili baada ya kuanza: mmoja anaulizia choo, mwingine duka, wa tatu ameshapotelea kwenye simu. Choo ulizia ngomeni kabla hamjatoka, kwa sababu mbele hakuna cha uhakika.

Maduka ya vinyago na fedha yaache yawe mwisho. Kamisheni ya duka si siri, lakini ikikatiza maelezo katikati, mgeni ataanza kutilia shaka hata tarehe ulizompa.

Kituo cha saba: posta ya Wajerumani, Langoni, Riyadha

Jengo la posta ya Wajerumani ni kituo cha dakika tano. Posta ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888 na kufungwa 31 Machi 1891. Wajerumani walikuwa na himaya ya Witu, iliyotokana na ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, na Lamu ndiyo iliyokuwa bandari ya barua zake. Mkataba wa 1890 uliipa Uingereza Witu, na posta haikuwa na kazi tena. Wanaokusanya stempu watataka kukaa zaidi. Wengine wape kivuli.

Langoni sura ya mji inabadilika, nyumba ni ndogo, njia zina watoto zaidi. Eleza makuti: ya baridi, ya bei nafuu, na yakishika moto upepo wa kusi huurusha moto nyumba hata nyumba. Ndiyo sababu mabati yameongezeka, na anayelalamika kuwa mabati yanaharibu mandhari aulizwe kama yeye angelala chini ya makuti yaliyobanana namna hiyo.

Riyadha ni msikiti na chuo kilichoanzishwa na Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilel aliyetoka Ngazija. Aliwafundisha watu waliokuwa wakiachwa nje ya elimu ya mji, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, na akayapa nguvu Maulidi yanayoimbwa kwa matari. Kwa sababu hiyo Riyadha inafaa kuwa mwisho: mlichokisema kwenye Nyumba ya Mswahili kuhusu waliobeba maji na mawe kinapata mwendelezo wake hapa. Simameni nje, upande usiozuia mlango, leso zikiwa begani. Vijana wa chuo mara nyingi huja kusalimu wenyewe. Kaburi la nguzo la kale liko si mbali na hapo, kwa kundi ambalo bado lina miguu.

Wakitaka kwenda Shela

Ni kilomita tatu hivi kusini, kama dakika arubaini kwa miguu, na inategemea maji. Maji yakikupwa mnapita ufukweni. Yakijaa, hasa siku za bamvua karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanafika ukutani na mtalowa mpaka kiunoni. Wakati wa maji kujaa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi kila siku, kwa hiyo njia iliyopitika saa 4 leo haiwi vilevile wiki ijayo. Waulize mabaharia jetini asubuhi, si mtu wa hoteli. Maji yakikataa, chukueni mashua na mpatane nauli ya kundi zima kabla ya mtu yeyote kupanda. Huko la kuonyesha ni msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 na yale machuguu ya mchanga ambako vita vilipiganwa.

Wasiokwenda Shela, warudisheni kutoka Riyadha bila kuwaongoza. Ziara ikiisha saa 5:15, wewe kaa nyuma, mkabidhi mmoja wao kazi, naye atafute mfereji na kuufuata. Ukiona wamekunja kushoto mahali maji yanapokwenda kulia, kohoa tu.